Mwaka Niliokataa Kidonge

Habari ya msiba ilinikuta kazini, nimeshika kijiko. Mzee Athmani wa Shika Adabu, kule Likoni, amefariki alfajiri, mazishi ni leo baada ya sala ya alasiri. Niliusoma ujumbe mara mbili, nikarudisha simu mfukoni, nikaendelea na mstari wangu wa vikombe mpaka mwisho. Vilikuwa arobaini. Nilivuta chai, nikatema, nikasema neno langu, karani akaandika, na sikukosea hata kimoja, wala sauti haikunitetema. Watu wa ghalani kwetu husema nina moyo mkavu. Sibishani nao. Nimejichunguza miaka kumi na minne sasa, na ninachokiona ndani ni kitu kama mdomo uliotoka kwa daktari wa meno na ganzi yake: ulimi upo, naugusa, lakini hauna habari nami. Nilipomaliza nilinawa mikono, nikamwomba mkubwa wangu ruhusa, naye akaniuliza marehemu ni nani kwangu. Nikamwambia ndiye aliyenifundisha kazi. Hilo ni kweli, ila ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki sijapata kumwambia mtu.

Sitasimulia nilivyofika Changamwe wala nyumbani kwetu tulizaliwa wangapi. Natoka Kaloleni, mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, jina langu Kadzo, na kichwa kilikuwa kikiniuma. Hayo yanatosha. Nilipanga chumba kimoja Chaani pamoja na Mueni, msichana wa Machakos aliyekuwa akishona suruali za jinzi katika kiwanda cha nguo. Tulikuwa na kitanda kimoja na godoro moja la chini tulilolalia kwa zamu, jiko la mafuta ya taa, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Wengine wangelilalamikia dirisha lile. Kwangu lilikuwa neema, na juu yake nilipachika leso mbili, moja juu ya nyingine, ili siku ya kichwa usiingie mwanga hata wa kuuona mkono wangu. Mueni akirudi na kukuta giza, alijua. Alivua viatu mlangoni, akaenda kupika nje kwenye baraza, na kwa kuwa hata harufu ya sukuma wiki ilikuwa ikinitapisha, alikula hukohuko amekaa kwenye ngazi, akaniletea maji tu. Kesho yake aliniuliza kwa ule mdomo wake wa bara, "Sista, kichwa iko aje leo?" Nami nilimjibu ni kizuri, hata kama si kizuri, kwa sababu nilichoka kuwa mtu wa kuulizwa.

Kichwa chenyewe kilikuwa na utaratibu wake. Siku moja kabla hakijaja, pua yangu ilifunguka. Nilikuwa nikisimama chumbani kwetu nikajua nyumba ya tatu wanachoma udi, nyumba ya nne mtoto amekojoa kitandani, na mtu anayepita njiani amekula samaki wa jana. Kesho yake, mara nyingi asubuhi, macho yalianza mchezo. Kipande cha kitu ninachokitazama kinapotea. Nikikutazama usoni naona sikio na shavu, jicho halipo, na pembeni ya pale pasipo na kitu unametameta mstari wa meno ya msumeno. Kama nusu saa hivi, halafu macho yanarudi, na upande wa kushoto wa kichwa unaanza kugongwa. Hapo ni kutapika na giza, siku nzima, wakati mwingine na ya pili. Kwa mwezi nilikuwa nikipoteza siku tisa au kumi. Siku nyingine nilizozipata nilizipata kwa vidonge vya maumivu vya dukani, viwili nikiamka, viwili mchana, na nilivibeba mkobani jinsi wenzangu walivyobeba ubani wa kutafuna.

Kazi nilikuwa nimeipata kwenye ghala la chai, chumba cha kuonjea. Asiyekijua chumba kile asifikirie watu wamekaa wanakunywa chai. Ni meza ndefu nyembamba iliyopakwa rangi nyeupe, juu yake vikombe vyeupe vimepangwa kwa mstari, kila kikombe na bakuli lake na kikaratasi cha shehena yake. Msichana wa birika, ambaye ndiye mimi, anapima majani, anamimina maji yanayochemka, anafunika, anahesabu dakika, kisha analaza vikombe juu ya mabakuli chai ijichuje. Ndipo anapokuja mwonjaji na kijiko chake. Anachota, anavuta kwa kelele mpaka chai inamrukia kooni, anatema kwenye ndoo ya bati yenye magurudumu, anasema neno moja, anasonga. Karani anaandika. Msichana wa birika ndiye pia anayeisukuma ndoo. Mwonjaji wetu alikuwa Mzee Athmani, mtu mwembamba wa kofia na shati lililopigwa pasi, Mswahili wa Likoni aliyekuwa akisema polepole na kuyamaliza maneno yake yote. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza nimelalaje, na akangoja jibu. Katika ghala lile hakuna mwingine aliyengoja jibu. Tukiwa wawili alinipa kijiko cha zamani, akaniambia nivute, niteme, nimwambie naona nini, na nikikosea hakucheka. Nilimpenda. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sikumwambia.

Ikaja Ramadhani. Mwonjaji aliyefunga ana shida ambayo mshonaji au mpakiaji hana. Wako wanaosema kuonja na kutema hakufunguzi, wako wanaosema tahadhari ni bora, na Mzee Athmani alikuwa wa tahadhari. Miaka ya nyuma, aliniambia, mwezi ule alikuwa akinusa tu majani yaliyolowa, na pua ilimtosha. Mwaka ule akaniomba kitu. Nikishalaza vikombe, kabla karani hajaleta karatasi zake, nipite mimi, Mkristo, niionje chai yote, halafu yeye atapita na kijiko akisogeza puani. Penye kikombe kizuri nisukume ndoo bila kituo. Penye moshi niisimamishe mara moja. Penye ukungu, mara mbili. Gurudumu moja la ndoo lilikuwa na kutu, likilia kila ndoo ikisimama, na kelele ile hakuna aliyeitilia maanani. Mkubwa asingekubali neno la msichana wa birika liandikwe kwenye karatasi, hilo tulilijua wote wawili, kwa hiyo tulilificha. Mwezi mzima nikawa ulimi wake. Nilijivuna, sitadanganya. Siku ambazo pua yangu ilikuwa imefunguka niliona moshi ambao hata wanunuzi wasingeuona, na Mzee akitamka neno karani aliinua nyusi kwa heshima.

Idi ikapita. Siku ya kwanza ya kurudi, Mzee alikunywa glasi nzima ya maji mbele yangu, akacheka, akachukua kijiko. Nikadhani mambo yetu yamekwisha. Alipofika kikombe cha kwanza akavuta kwa ile kelele yake, akatema, akangoja. Alikuwa akiitazama ndoo. Niliisukuma, ikaenda bila kulia, naye akasema, "Safi." Tulienda hivyo mpaka mwisho wa mstari. Jioni, karani alipoondoka, nilimtazama akisuuza kijiko na kukifuta kwa kitambaa, muda mrefu kuliko kijiko kinavyohitaji.

Wakati huohuo ofisi iliniita. Nimekosa siku nyingi, walisema, na karatasi ya hospitali sina. Nikaenda kituo cha afya, nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi, na zamu yangu ikafika kwa daktari mmoja wa kike, kijana, mwenye macho ya mtu asiyelala. Aliniuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa: kinaanza upande gani, naona nini kabla, mwanga unaniudhi, siku ngapi kwa mwezi. Nikamweleza hata msumeno, nikidhani atacheka. Akaniambia ni kipandauso, na kwamba siku tisa au kumi kwa mwezi ni nyingi mno za kungoja kije ndipo nikimbizane nacho. Iko dawa ya kumeza kila siku, kichwa kiume kisiume, ili kisije au kije kwa nadra. Kidonge kimoja kidogo usiku. Akanieleza mabaya yake bila kuyafunika: kitanikausha mdomo, kitanipa usingizi asubuhi, nitangoja hadi miezi miwili kujua kama kinanifaa, na huenda kisinifae, tukajaribu kingine. Akasema si lazima, uamuzi ni wangu. Nikamwambia mimi naogopa dawa ya kila siku. Akaniomba nifungue mkoba. Akavitoa vidonge vyangu vya dukani, akavipanga mezani, na kusema, "Unaogopa dawa ya kila siku, na hizi unazokula kila siku ni nini? Hizi nazo zinakuongezea kichwa, dada." Nikapokea pakiti ya mwezi mmoja na karatasi ya ofisi, nikaondoka.

Nilikwenda nayo kazini kesho yake, ningali sijameza hata kimoja, nikamwonyesha Mzee Athmani wakati wa chai. Tulikuwa tumekaa nyuma ya ghala kwenye magunia matupu, yeye na kipande cha mkate wa mofa, mimi na mihogo yangu. Nilitaka aniambie meza, mwanangu, upone. Nilikuwa nimeshajiandaa kuyasikia maneno hayo. Aliishika pakiti, akaigeuzageuza, akauliza inafanya nini. Nikamweleza, na nilipofika kwenye kukausha mdomo akaacha kutafuna.

"Hii itakuulia ulimi, Kadzo," akasema. "Nimewaona watu. Hiyo pua yako na hicho kichwa chako ni kitu kimoja. Ukikiponya kimoja, umekipoteza cha pili."

Kisha akasema yale mengine, kwa sauti ileile ya polepole, akitazama magunia. Ile homa iliyomlaza wiki tatu mwaka uliopita ilimchukulia kitu, na hakijarudi. Akila pilau ni kama anakula mchanga wa moto. Amebakisha miezi mitano astaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kijiko, na wakijua sasa watamtoa kwa aibu. "Sikulazimishi, wallahi," akasema. "Nakuomba. Miezi mitano tu, halafu meza zote kwa mpigo ukitaka." Alijaribu kucheka hapo. Sikuwahi kuombwa kitu na mtu mzima wa umri ule. Nikamwambia, "Haya, mzee." Neno moja, na niliirudisha pakiti mkobani.

Nyumbani nilipata sababu ya kujitetea nayo. Mueni, aliyekuwa akinihimiza nimeze, alichukua jina la dawa kwenye simu akaenda kwa kijana wa duka la dawa, akarudi uso umebadilika. Ameambiwa dawa ile hupewa watu wenye huzuni za kuzidi, wale wa kliniki ya akili. Alijikaza kuchagua maneno, mwishowe akasema, "Kadzo, hizi ni za wale watu huongea pekee yao." Daktari alikuwa ameshaniambia kuwa dawa ni ileile, kazi mbili, kipimo tofauti. Nilijua. Lakini sikumweleza Mueni. Nilimwacha aamini kwamba nakataa kwa kuogopa midomo ya majirani, kwa sababu huo ni woga unaoeleweka na kila mtu, na siri ya Mzee ikabaki salama. Pakiti niliitia ndani ya kopo la majani ya chai lililokwisha, juu ya kabati. Kila siku ya kichwa, nikiwa gizani, nilijua iko wapi. Ningeweza kunyoosha mkono. Nilihesabu miezi badala yake: mitano, minne, mitatu.

Vuli ikaanza, na kichwa kilipenda mvua. Asubuhi moja tulikuwa na vikombe thelathini. Pua ilikuwa wazi tangu jana yake, kwa hiyo nilijua kinachokuja, nikawa namwomba Mungu kingoje hadi mchana. Niliionja chai yote. Kikombe cha kumi na moja kilikuwa na moshi, mdogo, wa kukaa nyuma ya ulimi, ule unaopatikana kiwandani tanuri linapovuja. Vingine vyote vilikuwa safi. Nikashika ndoo, Mzee akachukua kijiko, karani akakaa, na tulipofika cha nne au cha tano sehemu ya meza ikaondoka. Nilitazama mstari nikaona vikombe, kisha pasipo na kitu, kisha vikombe tena. Nikaamua kuhesabu kwa hatua. Nilisukuma nikihesabu moyoni, msumeno unameta pembeni, jasho linanitoka, na pale nilipoona ndipo nikaisimamisha ndoo. Gurudumu likalia. Mzee akavuta, akatema, akasema, "Moshi." Karani akaandika. Tulipofika mwisho macho yalikuwa yamerudi, nikageuka kutazama nyuma, nikasoma vikaratasi. Nilisimama kwenye cha kumi na mbili. Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka, lakini kichwa kilikuwa kimeshashuka, na nilichokifanya ni kukimbilia nje kutapika. Nililala gizani siku mbili. Niliporudi, ile ya kumi na moja ilikuwa imeshachanganywa na nyingine ikafungwa magunia, na chai nzuri ya watu ya kumi na mbili imewekwa kando ikidharauliwa. Nikamweleza Mzee. Alifikiri kidogo, akasema tunyamaze, huenda isionekane.

Ilionekana. Mnunuzi aliirudisha kwa maneno makali, na ghala huwa linaweka akiba kidogo ya kila shehena, kwa hiyo haikuwa kazi kuitafuta iliyoharibu. Mkubwa alikuja mwenyewe chumbani. Hakuwa mtu mbaya. Alisema hataki kumwaibisha mtu, anataka tu kuhakikisha, na akaamuru viwekwe vikombe sita bila vikaratasi, vitano safi na kimoja cha ile shehena. Vikombe alivipanga yeye mwenyewe baada ya kututoa nje, mimi na Mzee. Tulisimama kwenye korido. Tulipoitwa ndani, ndoo ilisukumwa na karani, na mimi nikaambiwa nikae mlangoni na birika.

Siku ile kichwa changu kilikuwa kizima kabisa. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Sikuwa na msumeno wala kizunguzungu, wala pua haikuwa imefunguka kwa namna ile ya ajabu. Ilikuwa pua ya kawaida ya mtu aliyefundishwa, na kutoka pale mlangoni nilijua kuwa moshi uko kikombe cha pili. Mzee Athmani akaonja vyote sita. Alivuta vizuri, kwa ile kelele yake, akatema bila kudondosha tone. Karani alisukuma ndoo bila mpango, ikalia popote. Kisha Mzee akasimama mwisho wa meza, akainua macho, akanitazama. Nilikuwa na birika mkononi. Ningeligonga kwa kijiko mara mbili, kwa kikombe cha pili. Ningekohoa. Hakuna mtu chumbani ambaye angeelewa ila yeye. Nikatazama sakafu. Niliogopa kwamba wakigundua watanitoa na mimi, nipoteze chumba cha Chaani na kila kitu. Hakuna sababu nyingine, na nimeitafuta iliyo nzuri zaidi kwa muda mrefu. Nikamsikia akisema, "Cha nne."

Hawakumfukuza. Walimpa likizo iliyounganishwa na kustaafu kwake, na hakufanyiwa sherehe. Alisuuza kijiko, akakifuta, akakitia mfuko wa shati, akanipita mlangoni akiniambia, "Haya, Kadzo, kwaheri ya kuonana." Jioni ile niliteremsha kopo kabatini nikameza kidonge cha kwanza. Mueni aliniona, akanisogezea maji. Mdomo ulinikauka kweli, wiki za mwanzo nililala na chupa ya maji ubavuni na kuamka kama mtu aliyepigwa. Vile vya dukani niliviacha, na siku za kwanza za kuviacha zilikuwa mbaya kuliko zote. Halafu, baada ya mwezi na kitu, niliona kwamba sijaitazama leso ya dirishani kwa siku nyingi. Kichwa kikawa kinakuja mara mbili kwa mwezi, kisha mara moja, na kikija nakaa nacho. Na ulimi haukufa. Ile pua ya kujua majirani wamekula nini ilikwenda zake, na sikuililia. Lakini moshi ulibaki moshi, ukungu ulibaki ukungu, nilikunywa maji kulainisha mdomo, nikaonja. Mwaka haujaisha wakaniweka kwenye meza nijaribiwe, wakanipa vikombe sita, nikasema cha tano, na kilikuwa cha tano. Nikapewa nafasi yake.

Watu walipoanza kusema nimekuwa mkavu, niliisingizia dawa. Nilijiambia ni kidonge kinachonikausha mdomo na moyo kwa pamoja. Baada ya mwaka na nusu daktari alinipunguzia kidogo kidogo mpaka nikaacha, nami nikangoja moyo urudi, kama ulimi unavyorudi ganzi ikiisha. Haukurudi. Miaka kadhaa baadaye kichwa kilianza tena, nikakirudia kidonge bila kumuuliza mtu, na hadi leo nakimeza kila usiku. Hakina kosa. Hilo nalijua sasa.

Nilifika Shika Adabu wanaume wakiwa wameshatoka na jeneza. Ndani wanawake walikuwa wamekaa mikekani, sebule nzima, na mjane, Bi Mwanakombo, yuko pembeni amejifunika leso nyeupe. Sikuwahi kuingia nyumba ile. Nilipiga magoti, nikamwamkia, nikampa pole. Alinishika mkono asiuachie, akanitazama muda.

"Wewe ndiye Kadzo," akasema.

"Ndimi, mama."

Akanivuta nikae karibu yake. Alizungumza chini, wale wengine wasisikie. Akaniambia alijua habari ya ulimi wa mumewe kabla ya ghala zima kujua. Alikuwa akipika mchuzi bila chumvi, makusudi, siku mojamoja, aone kama atasema. Mzee alikula, akashukuru, akasifu mkono wake, naye alirudi jikoni akalia, na hakumwambia mpaka amekufa. Halafu akaniambia kwamba mumewe, tangu aliporudi nyumbani, alikuwa akimuuliza kama amesikia lolote, yule mtoto wa Kaloleni ameanza dawa yake. Yeye alikuwa akimjibu, atajuaje na mtoto mwenyewe haji. Mzee alikuwa akisema atakuja, na akija aambiwe kwamba ile ya kuua ulimi ilikuwa uongo, aliibuni palepale kwenye magunia kwa ajili ya nafsi yake.

"Nilianza jioni ileile aliyoondoka," nikasema.

"Basi ungekuja ukamwambia. Hapa na Changamwe ni feri tu."

"Ningekuja, mama."

Msichana mmoja wa nyumbani akapita na sinia la chai, akaniwekea kikombe mbele yangu. Ilikuwa imepikwa uani, kwenye sufuria kubwa ya msiba, kwa kuni zilizoloa mvua, na nilijua kabla haijanifikia mdomoni. Nikanywa funda moja. Bi Mwanakombo alikuwa ananitazama, na nadhani alitaka tu kuyageuza mazungumzo, kunipunguzia, kwa sababu aliniuliza chai ikoje, wewe si ndiyo kazi yako.

"Ina moshi," nikasema.

Nilisikia neno likitoka. Kikombe kikaniinama, chai ikamwagika kwenye mkeka, nikakishika kwa mikono yote miwili. "Kilikuwa cha pili, mama," nikamwambia. "Siku ile. Moshi ulikuwa kikombe cha pili, na nilijua, na alinitazama."

Bi Mwanakombo alichukua ncha ya leso yake akafuta pale palipomwagika.

"Alijua kuwa ulijua," akasema. "Kunywa, mwanangu, inapoa."

Nikainywa yote.